Dodgers na Giants: Mahasimu Waliohama Pamoja

Tarehe 28 Mei 1957, wamiliki wa klabu nane za National League, moja kati ya ligi mbili kuu za besiboli nchini Marekani, walipitisha uamuzi wenye sharti la ajabu. Brooklyn Dodgers waliruhusiwa kuhamia Los Angeles na New York Giants waliruhusiwa kuhamia San Francisco, ila ruhusa ilikuwa ya wote wawili au haikuwa ya yeyote. Mmoja akibaki, na mwenzake abaki. Klabu mbili ambazo mashabiki wake walikuwa wametukanana na kupigana kwa zaidi ya nusu karne zikajikuta haziwezi kwenda popote bila kushikana mkono.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya Brooklyn kusalitiwa. Usaliti ulikuwepo, sibishi. Lakini ukiangalia jinsi mambo yalivyopangwa unaona kitu kingine: uhasama wenyewe ulikuwa mali. Wenye klabu waliupigia hesabu, wakaufungasha, wakausafirisha takriban kilomita 4,000 hadi upande wa pili wa nchi. Kinachonishangaza ni kwamba ulipofika huko ulishika kweli.

Kwa asiyefuatilia besiboli, haya machache yanatosha. Mechi ina zamu tisa. Katika kila zamu timu moja hupiga na nyingine hulinda, kisha hubadilishana. Mrushaji hurusha mpira, mpigaji anajaribu kuupiga kwa gongo, na akifaulu anakimbia kuzunguka besi. Akirudi salama pale alipoanzia, timu yake imepata alama moja. Mpira ukivuka uzio wa uwanja ukiwa hewani, hiyo ni homurani: mpigaji na wenzake wote waliokuwa kwenye besi wanarudi kwa raha zao. Mengine yatajieleza njiani.

Mto mmoja, miji miwili

Leo tunasema Brooklyn ni sehemu ya New York. Mwaka 1883, timu zote mbili zilipoanzishwa, haikuwa hivyo. Brooklyn ulikuwa mji unaojitegemea, wenye meya wake na majivuno yake, ukitenganishwa kwa mto na Manhattan, kitovu cha New York. Uliunganishwa na New York mwaka 1898, na wapo wakazi waliouona muungano huo kama kumezwa. Kwa hiyo timu zilipokutana, haikuwa mitaa miwili ya jiji moja inayocheza. Ilikuwa mji uliopoteza jina lake ukicheza na mji uliolichukua.

Giants walikuwa timu ya Manhattan, ya wenye fedha na waigizaji wa Broadway, na chini ya kocha John McGraw walitawala ligi miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Brooklyn ilikuwa timu ya vibarua, makarani na wahamiaji. Hata jina Dodgers limetokana na wakazi wa Brooklyn kulazimika kukwepa tramu za umeme barabarani. Kuanzia 1914 Brooklyn ilifundishwa na Wilbert Robinson, ambaye zamani alikuwa rafiki na mshirika wa McGraw hadi walipogombana. Ugomvi wa marafiki wawili ukaongezwa juu ya ugomvi wa miji miwili.

Kabla ya msimu wa 1934, kocha wa Giants, Bill Terry, aliulizwa na waandishi anaionaje Brooklyn. Akajibu kwa swali: kwani Brooklyn bado wapo kwenye ligi? Alikuwa anatania, lakini mzaha huo ulimgharimu. Siku mbili za mwisho za msimu Giants walihitaji ushindi ili wabaki kileleni, na wapinzani wao walikuwa hao hao Brooklyn, timu iliyokuwa mbali kabisa chini ya msimamo. Dodgers wakashinda mechi zote mbili ugenini. Ubingwa ukaenda St. Louis. Ukimwuliza shabiki wa Brooklyn wa enzi hizo, msimu ule waliufaulu, hata kama jedwali linasema vinginevyo.

Lazima pia tukumbuke idadi ya mechi. Ligi ilikuwa na timu nane, na kila timu ilikutana na nyingine mara 22 kwa msimu, 11 nyumbani na 11 ugenini. Mara 22! Na ugenini kwenyewe ni nauli ya treni ya chini ya ardhi. Mtu alitoka kazini Brooklyn akafika uwanja wa adui kabla ya mechi kuanza, akarudi usiku kupitia baa zile zile wanazokunywa wapinzani. Julai 1938, ubishi kuhusu timu hizi ndani ya baa moja ya Brooklyn uliishia kwa bastola na mauaji. Sitaki kulipamba tukio hilo. Linaonyesha tu kwamba neno utani lilikuwa limeshavuka mpaka wake.

Halafu ikaja 1951.

Tarehe 11 Agosti Giants walikuwa nyuma ya Dodgers kwa takriban mechi 13. Kwa kawaida pengo hilo halizibiki. Giants wakashinda mechi 37 kati ya 44 za mwisho, timu zikamaliza sawa, zikalazimika kucheza mechi tatu za kuamua. Kila upande ukashinda moja. Ya tatu ikachezwa tarehe 3 Oktoba kwenye uwanja wa Giants, Polo Grounds, uwanja wenye umbo la ajabu kama bafu refu: pembeni uzio ulikuwa karibu sana, mita 85 kushoto na chini ya 80 kulia, lakini katikati ulirudi nyuma hadi karibu mita 147. Umbo hilo ni muhimu, litatusaidia baadaye kidogo.

Kufikia zamu ya tisa Dodgers walikuwa wanaongoza 4-1. Giants wakapata alama moja, wakawa na watu wawili kwenye besi. Kocha wa Dodgers akamwingiza mrushaji Ralph Branca, aliyevaa jezi namba 13, ingawa siku mbili kabla Bobby Thomson alikuwa amempiga homurani. Na aliyekuwa anasubiri kupiga ni Thomson huyo huyo. Mpira wa pili ukapaa upande wa kushoto, upande ule mfupi, ukatua kwa watazamaji. 5-4. Mtangazaji wa redio Russ Hodges akarudia sentensi moja ya furaha mara nne mfululizo, na sauti hiyo bado inachezwa hadi leo. Mpigaji aliyekuwa anafuata zamu, kijana wa miaka 20 aliyekuwa na wasiwasi mwingi, aliitwa Willie Mays.

Miaka 50 baadaye, mwaka 2001, gazeti la Wall Street Journal lilichapisha kilichokuwa kikinong'onwa muda mrefu: sehemu ya msimu ule Giants walikuwa wameweka darubini kwenye chumba chao nyuma kabisa ya uwanja, kule katikati kwenye ule urefu usio wa kawaida. Mtu alichungulia ishara za mdakaji wa timu pinzani, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kumwonyesha mrushaji wake arushe mpira gani, akabonyeza swichi, waya ukapeleka mlio hadi kwa wachezaji wa akiba, na kutoka hapo mpigaji akaashiriwa ni mpira wa aina gani unakuja. Thomson alikiri kwamba mpango ulikuwepo, akakana kwamba alipewa ishara kwa mpira ule mmoja. Branca aliijua siri hiyo tangu miaka ya 1950 na hakuipigia kelele. Hao wawili walizunguka pamoja miaka mingi wakisaini picha za tukio lililomfanya mmoja shujaa na mwingine kichekesho. Ikiwa unatafuta ushahidi kwamba ugomvi unaweza kugeuzwa bidhaa, anza na meza ile ya kusainia picha.

Hesabu za O'Malley

Mwenye Dodgers alikuwa Walter O'Malley, mwanasheria. Mwenye Giants alikuwa Horace Stoneham, aliyerithi timu kwa baba yake. Mmoja alifikiria mambo ya miaka 20 mbele, mwingine alifikiria msimu ujao. Tofauti hiyo ndiyo iliyoamua nani amshawishi nani.

Shida zao zilifanana kwa sura, si kwa undani. Uwanja wa Dodgers, Ebbets Field, ulifunguliwa 1913, ukabeba watu wapatao 32,000 na ukawa na maegesho ya magari 700 hivi. Mwaka 1913 hilo halikuwa tatizo. Baada ya vita kuu ya pili, wateja wake walikuwa wanahamia vitongoji vya Long Island, wananunua magari, na jioni wanaweza kutazama mechi kwenye televisheni bila kutoka sebuleni. Wakati huo huo klabu ya Braves ilikuwa imetoka Boston kwenda Milwaukee mwaka 1953, ikapewa uwanja mpya wenye maegesho makubwa, na mara moja ikaanza kuuza tiketi nyingi kuliko Dodgers. O'Malley aliliona hilo akapata homa. Klabu yenye tiketi nyingi hununua wachezaji bora. Brooklyn ingekuwa bingwa leo na maskini kesho.

Hata hivyo Dodgers hawakuwa wanakufa. Walitwaa ubingwa wa taifa, World Series, mwaka 1955 kwa kuwafunga Yankees, timu ya New York ya ile ligi kuu nyingine, na hata 1957 waliuza tiketi zaidi ya milioni moja. Giants ndio waliokuwa hoi: tiketi kama 654,000 mwaka huo, uwanja umechakaa, mtaa unaouzunguka umebadilika, na sehemu kubwa ya mapato yao ilitegemea zile mechi 11 ambazo mashabiki wa Brooklyn walivuka mto kuja kuzomea. Hapo ndipo fundo lilipo. Dodgers wakiondoka peke yao, Giants wangebaki na timu isiyo na adui, na besiboli isiyo na adui haikuwalipa.

O'Malley alitaka kujenga uwanja mpya Brooklyn, kwenye makutano ya barabara za Atlantic na Flatbush, mahali reli nyingi zinapokutana. Alikuwa tayari kuujenga kwa fedha zake. Alichoomba ni mamlaka yatumie sheria ya kusafisha makazi duni kumkusanyia viwanja, maana peke yake wenye ardhi wangempandishia bei. Aliyekuwa na ufunguo wa sheria hiyo ni Robert Moses, mtumishi wa umma ambaye hakuwahi kuchaguliwa na mwananchi yeyote lakini aliyeamua barabara, madaraja na bustani za New York kwa miongo kadhaa. Moses alikataa. Kwake uwanja wa klabu binafsi haukuwa shughuli ya umma. Akampa O'Malley eneo la Flushing Meadows, huko Queens, sehemu nyingine ya jiji la New York. O'Malley akajibu kwamba timu ikienda Queens haitakuwa tena ya Brooklyn, na kama si ya Brooklyn basi Queens na Los Angeles ni mamoja.

Wanahistoria wamegawanyika: wapo wanaomlaumu O'Malley kwa tamaa, wapo wanaomlaumu Moses kwa kiburi. Mimi naona Moses ndiye aliyefunga mlango, lakini O'Malley alikuwa ameshaanza kupima dirisha. Aliuza Ebbets Field mwaka 1956. Akapeleka mechi kadhaa za nyumbani Jersey City, jimbo jingine kabisa, kama onyo. Mapema 1957 akanunua klabu ndogo ya Los Angeles pamoja na uwanja wake, na haki ya eneo lile ikawa mkononi mwake. Mtu anayesubiri tu majibu ya serikali hafanyi manunuzi ya namna hiyo.

Kilichobaki ni mwenza. Stoneham alikuwa amekwisha kata shauri la kuondoka, ila alikusudia kwenda Minneapolis, ambako Giants walikuwa na timu yao ya vijana. O'Malley akamgeuza. Timu moja pekee huko pwani ya magharibi ingekuwa mzigo kwa wote: klabu saba zingelazimika kuruka hadi California kwa ajili ya mpinzani mmoja, nazo zilikuwa zimezoea kusafiri kwa treni hadi St. Louis, mwisho wa safari. Timu zikiwa mbili, ziara inalipa. Na kama ni mbili, kwa nini zisiwe zile ambazo watu wanalipa kuziona zikigombana? Ndiyo maana ya lile sharti la Mei 1957. Fahali wawili hawakai zizi moja, wahenga walisema. Hawa walihama zizi moja hadi jingine kwa makubaliano.

Bodi ya Giants ilipiga kura tarehe 19 Agosti: nane ndiyo, moja hapana. Aliyepinga, M. Donald Grant, alimwakilisha mwanahisa Joan Payson, na majina hayo mawili tutakutana nayo tena. Stoneham alipoulizwa kuhusu watoto wa New York wanaoachwa, alisema anawaonea huruma watoto, ila baba zao hajawaona uwanjani siku za karibuni. Jibu kali, na kwa takwimu za mlangoni, la kweli.

Mechi ya mwisho Ebbets Field ilichezwa tarehe 24 Septemba mbele ya watu 6,702, na siku tano baadaye Polo Grounds ilikuwa na 11,606, walioingia uwanjani baada ya mechi kuisha na kung'oa nyasi, besi na chochote kilichong'oka. Dodgers walitangaza rasmi kuondoka tarehe 8 Oktoba.

Hapa niweke jambo moja la pembeni, kwa sababu linasimuliwa vibaya kila mwaka. Desemba 1956 Dodgers walimuuza Jackie Robinson, mtu mweusi wa kwanza kucheza ligi kuu katika karne ya 20, kwa Giants. Robinson akastaafu. Hadithi maarufu inasema alikataa kuvaa jezi ya adui. Ukweli ni kwamba alikuwa ameshakubali kazi ya uongozi katika kampuni ya kahawa na kuuza habari ya kustaafu kwake kwa jarida moja kabla ya kuambiwa kwamba ameuzwa. Hadithi ya uongo imedumu kwa sababu inawapa mashabiki walichotaka kuamini: kwamba chuki yao ilikuwa ndani ya damu ya wachezaji pia. Klabu zenyewe, kama tunavyoona, ziliuziana shujaa bila kupepesa macho.

California

Mechi ya kwanza ya ligi kuu pwani ya magharibi ilichezwa San Francisco tarehe 15 Aprili 1958. Nani dhidi ya nani? Giants na Dodgers, bila shaka. Giants wakashinda 8-0. Siku tatu baadaye wakakutana Los Angeles, kwenye uwanja wa Coliseum uliotumika kwa Olimpiki ya 1932, mbele ya watu 78,672. Uwanja ule haukufaa kabisa kwa besiboli: upande wa kushoto uzio ulikuwa mita 76 tu kutoka kwa mpigaji, ikabidi wasimamishe wavu wa karibu mita 13 kuzuia homurani za bure. Hakuna aliyejali. Mwaka ule Dodgers waliuza tiketi zaidi ya milioni 1.8 na Giants karibu milioni 1.3, mara mbili ya walivyouza Manhattan.

Bei ililipwa na wengine. Uwanja wa kudumu wa Dodgers ulijengwa Chavez Ravine, bonde lililokuwa na vijiji vitatu vya Wamarekani wenye asili ya Mexico: Palo Verde, La Loma na Bishop. Familia zilianza kuondolewa mwaka 1950 kwa ahadi ya nyumba za serikali za bei nafuu. Nyumba hazikujengwa, mradi ulifutwa kwa hoja kwamba unanuka ukomunisti. Ardhi ikaja kupewa klabu, na wananchi wakaidhinisha makubaliano hayo kwa kura ya maoni Juni 1958, kwa tofauti ndogo. Mei 1959 polisi waliitoa familia ya mwisho iliyogoma, mwanamke mmoja akibebwa mikono na miguu huku kamera za televisheni zikipiga. Wanaomlilia mkazi wa Brooklyn aliyepoteza timu wakumbuke pia aliyepoteza nyumba.

Sasa, kwa nini uhasama ulishika katika ardhi ngeni? Naona sababu mbili. San Francisco na Los Angeles zilikuwa na lao tangu zamani: mji wa kwanza ulitajirika wakati wa dhahabu karne ya 19 na kujiona ndio ustaarabu wa California, wa pili ukaja kuupita kwa watu, filamu na mafuta. Klabu zao ndogo zilikuwa zimegombana kwa miongo kadhaa. Dodgers na Giants walikuta kuni zimepangwa. Sababu ya pili ni watu waliosafiri na timu. Angalia mtunza uwanja wa Giants, Matty Schwab. Awali alikuwa Ebbets Field. Stoneham alimnyakua kutoka Brooklyn kwa kumjengea nyumba ya kuishi chini ya majukwaa ya Polo Grounds. Alipohamia San Francisco, akahama na ujuzi wake.

Agosti 1962 Dodgers walikuja Candlestick Park, uwanja wa Giants, wakiongoza ligi. Silaha yao ilikuwa Maury Wills, mwizi wa besi: mkimbiaji anayetoka mbio mrushaji anapoanza kurusha, kabla mdakaji hajatupa mpira. Msimu huo Wills aliiba 104, rekodi ya zama zile. Schwab akaamka alfajiri, akachimba pale mkimbiaji anapokanyaga kuanza mbio karibu na besi ya kwanza, akachanganya mchanga, mboji na maji, akafunika juu udongo wa kawaida. Dodgers waligundua walipokuwa wanapasha misuli. Waamuzi wakaamuru uchafu ule utolewe. Watunza uwanja wakautoa kwa toroli, wakaurudisha umechanganywa na udongo mwingine, laini zaidi ya mwanzo, kisha wakaendelea kumwaga maji. Giants wakashinda mechi zote tatu, na kocha wao Alvin Dark akapewa jina la Mbweha wa Kinamasi.

Mwisho wa msimu timu zilikuwa sawa tena. Mechi tatu za kuamua tena. Ya tatu ikaangukia tarehe 3 Oktoba tena, Dodgers wakaingia zamu ya tisa wanaongoza 4-2, Giants wakapata alama nne na kushinda 6-4. Dark alikuwa mchezaji wa Giants mwaka 1951. Kocha wa Giants mwaka ule, Leo Durocher, sasa alikuwa msaidizi benchi la Dodgers. Mays alikuwa uwanjani mara zote mbili. Kama ungeandika tamthilia ya namna hii, mhariri angekwambia upunguze.

Kuanzia hapo hakuna aliyeuita tena upinzani wa New York.

Tarehe 22 Agosti 1965 ulionyesha sura yake mbaya. Giants walimpanga mrushaji Juan Marichal kutoka Jamhuri ya Dominika, Dodgers wakampanga Sandy Koufax. Nchi ya Marichal ilikuwa vitani na majeshi ya Marekani yalikuwa yameingia. Siku chache kabla, mtaa wa Watts wa Los Angeles ulikuwa umewaka moto. Marichal alikuwa ameshawarushia wapigaji wawili wa Dodgers mipira ya karibu na mwili. Zamu yake ya kupiga ilipofika, mdakaji John Roseboro, aliyechuchumaa nyuma yake, alirudisha mpira kwa Koufax kwa nguvu ukipita karibu kabisa na sikio la Marichal. Maneno mawili matatu, kisha Marichal akainua gongo na kumpiga Roseboro kichwani. Vurugu ilidumu dakika 14. Mays, mchezaji wa timu ya Marichal, ndiye aliyemwongoza Roseboro kutoka uwanjani huku akimfuta damu. Jeraha lilishonwa nyuzi 14. Marichal alifungiwa siku nane za mechi na kutozwa dola 1,750, adhabu ambayo Dodgers waliiona kama kofi la mtoto.

Marichal alipostaafu, waandishi walimnyima kura ya kuingia katika jumba la mashujaa wa besiboli mwaka 1981, wakamnyima tena 1982. Roseboro akasafiri hadi Jamhuri ya Dominika, akapiga naye picha, akasema yamekwisha. Mwaka 1983 Marichal akaingia. Roseboro alipofariki 2002, Marichal alikuwa miongoni mwa waliopewa heshima ya kusindikiza jeneza.

Kilichobaki New York, na kilichoendelea

New York ilikaa misimu minne bila timu ya National League. Ilipopata, mwaka 1962, timu iliitwa Mets, na mwenyewe alikuwa Joan Payson, yule mwanahisa aliyepinga, na Grant akiwa mtendaji wake. Mets walichukua rangi ya bluu kutoka kwa Dodgers na ya machungwa kutoka kwa Giants, wakacheza misimu miwili Polo Grounds, kisha wakahamia uwanja mpya ambao Moses aliujenga Flushing Meadows, pale pale alipotaka Dodgers waende. Ebbets Field na Polo Grounds zote zilibomolewa, na mahali pake pakajengwa maghorofa ya kupanga.

Mets walirithi rangi za mahasimu wawili, lakini kuunganisha rangi hakukuwapa adui. Ndilo jambo ambalo O'Malley alilielewa mapema kuliko wenzake wote: mashabiki unaweza kuwapata mji wowote wenye watu, ila mpinzani wa miaka 70 hanunuliki, lazima uende naye.

California imeendelea na kalenda yake ya ajabu. Tarehe 3 Oktoba 1982 Joe Morgan wa Giants alipiga homurani iliyowanyima Dodgers nafasi ya kusonga mbele siku ya mwisho. Tarehe 3 Oktoba 1993 Giants waliingia siku ya mwisho wakiwa na ushindi 103, wakahitaji mmoja zaidi, Dodgers wakawafunga 12-1. Ukali wa majukwaani umeendelea pia. Siku ya ufunguzi wa msimu wa 2011 shabiki wa Giants alipigwa kwenye maegesho ya uwanja wa Dodgers hadi akapata ulemavu wa kudumu wa ubongo, na 2013 shabiki wa Dodgers alichomwa kisu akafa karibu na uwanja wa San Francisco. Klabu zilitoa matangazo ya pamoja ya kuomba utulivu. Lakini klabu hizo hizo huuza mechi hizi kwa bei ya juu kuliko nyingine kwa sababu ya joto lile lile, na sijaona tangazo linalogusia hilo.

Kwa ukubwa wa mashindano, kilele kilichelewa hadi 2021. Giants walimaliza msimu na ushindi 107, Dodgers 106, na kwa mara ya kwanza wakakutana katika hatua ya mtoano baada ya msimu. Mechi ya tano, ya kuamua, ilichezwa San Francisco tarehe 14 Oktoba. Dodgers wanaongoza 2-1, zamu ya tisa, Wilmer Flores wa Giants anaanza kuzungusha gongo kisha anajizuia. Mwamuzi wa besi ya kwanza anasema amezungusha na kuukosa mpira; ni kosa lake la tatu, naye ndiye mpigaji wa mwisho wa Giants, na mechi imekwisha. Walikuwa wamekutana mara 24 mwaka ule, kila mmoja akashinda 12. Marudio ya televisheni yanaonyesha gongo la Flores halikufika mbele, na ukiingia baa yoyote karibu na uwanja wa Giants utaonyeshwa kwenye simu kabla hujaagiza kinywaji.